Jinsi ya Kupiga Kura ya Madiwani Ireland: Eneo Moja, Viti Vingi, Kura Moja

Kila uchaguzi wa halmashauri unapokaribia nchini Ireland, maswali yale yale hurudi kutoka kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi huku. Je, mimi ambaye si raia ninaruhusiwa kupiga kura? Ikiwa eneo letu lina viti vitano, nichague watu watano? Nikimpa mgombea mwingine namba 2, je, sitakuwa nimempunguzia nguvu yule niliyempa namba 1? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio wa hatua, tangu kujiandikisha hadi kumfikia diwani baada ya matokeo kutangazwa. Umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kupiga kura ya aina hii, na unahusu Jamhuri ya Ireland peke yake.

Tuondoe kwanza utata mmoja. Kwa Mtanzania, maneno "uchaguzi wa serikali za mitaa" huleta fikra ya wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, ilhali diwani wa kata huchaguliwa siku moja na rais na mbunge. Kwa Mkenya, anayefanana na diwani ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Kote kuwili, kata au wadi moja humchagua mtu mmoja, na anayepata kura nyingi ndiye mshindi. Ireland haiendi hivyo. Eneo moja la uchaguzi huchagua madiwani kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida kati ya 5 na 7, na katika sehemu chache zenye watu wachache hupungua hadi 3 au 4. Hawa si wa viti maalumu, wala hakuna orodha ya chama inayowateua. Wote hushindana kwenye karatasi moja na hutoka na cheo kilekile.

Nchi nzima ina halmashauri 31 zenye madiwani 949, waliochaguliwa katika maeneo 166. Halmashauri ya Jiji la Dublin ina madiwani 63, na ile ya Jiji la Galway ina 18, yaani maeneo matatu yenye viti sita kila moja. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa tarehe 7 Juni 2024, kwa hiyo unaofuata ni wa mwaka 2029. Usidhani muda ni mrefu. Kazi ya kujiandikisha unaweza kuimaliza leo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe umefikisha miaka 18 siku ya kupiga kura, na uwe unaishi Ireland kwa kawaida, katika eneo unalotaka kupigia kura. Uraia hauhitajiki kwa kura ya madiwani. Mkenya, Mtanzania, Mkongo au Mrundi anayeishi hapa kwa kibali cha kazi, cha masomo au cha familia anayo haki hiyo, na anayo pia aliyeomba hifadhi ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Haki hiyohiyo inahusu hata kugombea. Rotimi Adebari, mzaliwa wa Nigeria aliyefika Ireland mwaka 2000 kuomba hifadhi, alichaguliwa diwani wa halmashauri ya mji wa Portlaoise mwaka 2004, na mwaka 2007 akawa meya wa mji huo.

Andaa vitu vitatu: namba yako ya PPSN (namba binafsi ya huduma za umma), tarehe ya kuzaliwa kama ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu za serikali, na msimbo wa posta (Eircode) wa nyumba unayoishi. Kwa siku yenyewe ya kura, andaa kitambulisho chenye picha, kama vile pasipoti au leseni ya udereva.

Hatua ya 1: Jiandikishe katika daftari la wapiga kura

Ingia kwenye tovuti ya checktheregister.ie, tafuta jina lako, na ikiwa halimo jaza maombi papo hapo. Daftari siku hizi liko wazi mwaka mzima, na vijana wa miaka 16 na 17 wanaweza kuandikishwa mapema ili jina lao liamke lenyewe watakapotimiza miaka 18. Asiye na PPSN hujaza fomu ya karatasi, ambayo huthibitishwa kwa kawaida mbele ya afisa wa polisi wa Garda, kisha huipeleka kwenye halmashauri ya kaunti au jiji lake.

Tahadhari: kuwa na kadi ya ukaazi hakukuandikishi. Mamlaka ya uhamiaji na daftari la wapiga kura ni vitu viwili tofauti, na hakuna atakayekuandikisha kwa niaba yako kwa sababu tu ulipiga alama za vidole uhamiaji. Wengi hulijua hilo wakiwa tayari kituoni. Angalia pia mwisho wa kujiandikisha, kwa maana daftari hufungwa kabla ya siku ya kura. Mwaka 2024, kwa kura ya tarehe 7 Juni, mwisho ulikuwa tarehe 20 Mei.

Ukihama nyumba, badilisha anwani. Ukipata uraia wa Ireland, badilisha pia kipengele cha uraia, kwa sababu asiye raia wa Ireland, wa Uingereza wala wa nchi ya Umoja wa Ulaya huandikwa kwa alama inayomruhusu kupiga kura ya madiwani tu. Usipobadilisha, siku ya uchaguzi wa bunge utajikuta raia mwenye pasipoti mkononi asiye na karatasi ya kura.

Hatua ya 2: Lijue eneo lako na idadi ya viti vyake

Tovuti ya halmashauri yako itakuonyesha eneo lako la uchaguzi, ambalo karatasi rasmi huliita Local Electoral Area, pamoja na idadi ya viti. Idadi hiyo ni muhimu kwa sababu ndiyo inayoamua ni kura ngapi zinatosha kumpa mtu kiti. Kadiri viti vinavyoongezeka, ndivyo sehemu ya kura inayohitajika inavyopungua: kwenye viti vitatu mgombea huhitaji zaidi kidogo ya robo ya kura zote, ilhali kwenye viti saba hutosheka na zaidi kidogo ya sehemu moja kwa nane. Hapo ndipo penye faida kwa jamii ndogo zilizotawanyika kama yetu. Watu ambao hawawezi kushinda kata ya mtu mmoja wanaweza, wakishirikiana na majirani, kumfikisha mtu kwenye kiti cha tano au cha sita.

Hatua ya 3: Wapange wagombea kabla ya kwenda kituoni

Wagombea hubisha hodi mlangoni, na usione haya kuwahoji. Waulize mambo ambayo diwani ana mkono ndani yake, yaani nyumba za halmashauri, barabara za mtaa, mipango miji, maktaba, viwanja vya michezo, taka na taa za barabarani. Ukimuuliza kuhusu foleni ya hospitali, walimu wa shule au vibali vya ukaazi, atakujibu kwa heshima lakini hayo hayamo katika halmashauri, na mgombea anayekuahidi kwamba atakupatia viza anakudanganya.

Andika majina kwenye kijikaratasi kwa mpangilio wa mapenzi yako: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea. Si lazima wawe wa chama kimoja. Mara nyingi chama kimoja husimamisha wagombea wawili au watatu katika eneo lilelile, nao hushindana wao kwa wao kwa tabasamu. Vyama vikubwa hugawa hata mitaa: upande huu wa mji mnaombwa mmpe fulani namba 1 na mwenzake namba 2, na upande wa pili wanaombwa kinyume chake. Huo ni mkakati halali wa kusawazisha kura zao, lakini haukufungi wewe.

Hatua ya 4: Siku ya kura, fika kituoni

Utatumiwa kadi kwa posta inayotaja kituo chako. Kadi hiyo ni taarifa tu, na hata ukiipoteza unaweza kupiga kura ikiwa jina lako limo daftarini. Mwaka 2024 vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Msimamizi anaweza kukuomba kitambulisho, na ukishindwa kukitoa unaweza kunyimwa karatasi, kwa hiyo usiende mikono mitupu.

Ikiwa siku hiyo kuna uchaguzi mwingine, kama ule wa Bunge la Ulaya uliofanyika pamoja na wa madiwani mwaka 2024, wewe usiye raia wa Ireland wala wa nchi ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida utapewa karatasi moja tu. Jirani yako akipewa mbili, hakuna ubaguzi hapo, ni sheria tu.

Hatua ya 5: Jaza karatasi kwa namba

Karatasi itakuwa na majina yaliyopangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo, pamoja na picha za wagombea na nembo za vyama. Picha ni msaada mkubwa kwa asiyezoea majina ya Kiairishi.

Andika 1 kwenye kisanduku cha mgombea unayemtaka kuliko wote. Andika 2 kwa yule ambaye ungemtaka ikiwa wa kwanza hahitaji kura yako au ameshindwa. Andika 3 kwa anayefuata, na endelea hivyo hadi ufike mahali ambapo waliobaki ni sawa machoni pako.

Hapa ndipo penye kiini cha mfumo mzima, na naomba usome sentensi hizi mara mbili. Una kura moja tu, hata kama viti ni saba. Namba unazoandika ni maelekezo ya safari ya kura hiyohiyo moja. Itakaa kwa namba 1 kwanza, na namba 2 haitaangaliwa kamwe mpaka hatima ya namba 1 ijulikane. Kwa hiyo kumpa mtu namba 2 hakuwezi kumdhuru wa namba 1, na kumpa mtu namba 9 hakuwezi kumdhuru yeyote kati ya wanane waliotangulia.

Makosa yanayoharibu au kudhoofisha kura ni haya:

Kuandika 1 kwa watu wawili au zaidi. Hili hutokea kwa wale wanaodhani viti vitano maana yake ni kura tano. Karatasi hiyo imeharibika na haihesabiwi.

Kutia alama ya vema au X. Msimamizi anaweza kuikubali X moja ikiwa nia yako inaonekana wazi, lakini kwa nini umwachie mwingine aamue? Ukitia X tano, hakuna wa kuamua chochote, maana haijulikani nani wa kwanza.

Kurudia namba au kuruka. Ukiandika 1, 2, 3, kisha 4 mbili, kura yako ni halali hadi 3 na inaishia hapo.

Kuendeleza namba kutoka karatasi moja hadi nyingine. Kwa wenye karatasi mbili, kila moja huanza na 1 yake.

Kuandika jina lako, sahihi, dua au salamu. Alama yoyote inayoweza kumtambulisha mpiga kura inaweza kuibatilisha karatasi.

Kuishia kwenye 1. Hili haliharibu kura, lakini ni sawa na kumtuma mtoto dukani na kumwambia kwamba akikosa sukari arudi mikono mitupu. Mfano ulio hapa chini utakuonyesha gharama yake.

Ikiwa yupo mgombea ambaye hutaki kabisa apate kiti, labda kwa sababu amefanya kampeni dhidi ya wageni, njia yenye nguvu zaidi ni kuwapa namba wagombea wengine wote na kukiacha kisanduku chake kitupu. Watu wengi huishia kwa rafiki zao watatu, halafu hushangaa kwamba kiti cha mwisho kimechukuliwa na yule waliyemwogopa. Kiti cha mwisho karibu kila mara huamuliwa na namba za chini.

Hatua ya 6: Fuatilia kuhesabiwa

Hatua hii si ya lazima, lakini aliyeielewa hawezi kudanganywa na mpiga debe yeyote. Kura huhesabiwa kwa mkono, kuanzia siku inayofuata siku ya kura, na huweza kuchukua siku kadhaa. Nyuma ya kizuizi cha ukumbi utawaona watu wa vyama wakiwa na kalamu na makaratasi, wakichungulia kila karatasi inapofunuliwa na kutia alama, na kabla ya saa sita mchana wameshakisia nani ataingia. Kazi hiyo ina heshima yake huku, na makisio yao hukaribia sana ukweli.

Kwanza hutafutwa idadi ya ushindi. Chukua kura halali, gawanya kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, acha desimali, kisha ongeza moja. Tuchukue mfano wa kubuni wenye viti 5 na kura halali 12,000: 12,000 kugawanya kwa 6 ni 2,000, ukiongeza moja ni 2,001. Watu watano wanaweza kufikisha idadi hiyo, lakini sita hawawezi.

Tuseme wagombea ni wanane na kura za namba 1 ni hizi: A 2,601, B 1,690, C 1,640, D 1,560, E 1,550, F 1,279, G 960, H 720.

Raundi ya kwanza: A amevuka 2,001, kwa hiyo amechaguliwa, na ana kura 600 za ziada. Kura hizo hazitupwi. Karatasi zake zote 2,601 huangaliwa namba 2. Tuseme 101 hazina namba 2 na 2,500 zinayo: 1,250 zimemtaja B, 750 C na 500 D. Zinazohamishwa ni 600 tu, zikigawanywa kwa uwiano huo, yaani B anapata 300, C 180 na D 120.

Raundi ya pili: B ana 1,990, C 1,820, D 1,680, na wengine wamebaki walivyo. Hakuna mpya aliyefikia 2,001. Sasa wa mwisho, H, anaondolewa, na karatasi zake zote 720 zinaenda kwa anayefuata kwenye kila karatasi. Tuseme 300 zinakwenda kwa G, 90 kwa E, 70 kwa C, 60 kwa B, 60 kwa D, 40 kwa F, na 100 hazina maelekezo zaidi.

Raundi ya tatu: B amefika 2,050 na amechaguliwa. C ana 1,890, D 1,740, E 1,640, F 1,319 na G 1,260. Ziada ya B ni kura 49, nazo haziwezi kumwinua G juu ya F wala kumfikisha C kwenye idadi ya ushindi, kwa hiyo haziguswi kwa sasa. G anaondolewa. Karatasi zake 1,260 zinagawanyika hivi: F 560, E 150, D 130, C 120, na 300 zimeishiwa maelekezo.

Raundi ya nne: C ana 2,010 na amechaguliwa. Waliobaki ni F mwenye 1,879, D mwenye 1,870 na E mwenye 1,790, na viti vilivyobaki ni viwili. Ziada za B na C zikijumlishwa ni 58, na pengo kati ya D na E ni 80, kwa hiyo E hawezi kuokoka. Anaondolewa, na F na D wanatangazwa bila hata kufikia 2,001, kwa sababu wagombea waliobaki ni sawa na viti vilivyobaki.

Mtazame F. Alianza wa sita, nyuma ya E kwa kura 271, na akachukua kiti. Wengi walioanza na G walimpa F namba iliyofuata. Halafu zitazame zile karatasi 400 zilizoishia njiani kwa sababu wenyewe hawakuandika namba zaidi. E alikosa kiti kwa kura 80. Kama wapigaji wa karatasi hizo 400 wangekuwa na upendeleo wowote kati ya D, E na F, wao ndio wangeamua. Waliondoka mezani kabla ya chakula kuisha.

Ongezea jambo moja la kiufundi na tuishie hapo: mgombea akifikia ushindi kwenye raundi ya baadaye, zinazoangaliwa ili kugawa ziada yake ni zile karatasi za fungu la mwisho alilopokea, na si zote alizonazo.

Hatua ya 7: Tumia wawakilishi wako wote

Watu wengi hupiga kura vizuri kisha hupoteza faida ya pili ya mfumo huu, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Baada ya uchaguzi, eneo lako lina madiwani watano au saba, na wote ni wako. Hakuna anayejua ulimpa nani namba 1, na hata yule uliyempa 7 ana sababu ya kukusikiliza, kwa maana mwaka 2029 huenda 7 hiyo ikageuka 3, na 3 huweza kumpa kiti.

Fanya hivi. Andika barua pepe fupi yenye anwani yako, shida yenyewe, tarehe uliyoiripoti halmashauri, na namba ya kumbukumbu uliyopewa. Mpelekee diwani mmoja kwanza, yule aliye karibu na mtaa wako au aliye kwenye kamati inayohusika. Subiri jibu kwa muda wa busara. Asipojibu, mwandikie mwingine, tena wa chama kingine. Ushindani kati yao utakufanyia kazi nusu. Usiwaandikie wote saba barua moja siku moja, kwa sababu kila mmoja atadhani mwenzake ameishughulikia.

Elewa pia mipaka yake. Madiwani hupitisha bajeti na mpango wa maendeleo wa eneo, lakini shughuli za kila siku, zikiwemo kugawa nyumba kwa familia fulani na kutoa kibali cha ujenzi cha mtu mmoja mmoja, ziko chini ya mtendaji mkuu na watumishi wake. Diwani anaweza kuuliza ombi lako la nyumba limefikia wapi, kusahihisha taarifa iliyokosewa, na kusukuma faili lililolala. Hawezi kukurusha foleni. Ukimwomba hivyo, mtaanza vibaya.

Mambo yakikwama

*Jina halimo daftarini siku ya kura.* Mwombe msimamizi aangalie tahajia nyingine, hasa kama una majina matatu na huku jina la baba limechukuliwa kuwa la ukoo. Angalia pia kama umeandikwa kwenye anwani ya zamani. Kama kweli halimo, hakuna kujiandikisha kituoni. Jaza fomu wiki hiyohiyo kwa ajili ya uchaguzi ujao.

*Umekosea karatasi kabla ya kuitumbukiza.* Irudishe kwa msimamizi, naye ataibatilisha na kukupa nyingine. Usifutefute wala kuandika juu ya namba.

*Mama mkwe hasomi Kiingereza, au macho yamepungua nguvu.* Picha na nembo husaidia. Mtu asiyeweza kusoma au asiyeona vizuri anaweza kusaidiwa na mwenzake au na msimamizi mwenyewe, mradi msaidizi asiwe mgombea wala wakala wake. Msaidizi anaandika anachoambiwa. Kumchagulia mama ni kosa, hata kama ni mama yako.

*Unaogopa kwamba kura itaathiri ombi lako la hifadhi au la uraia.* Kupiga kura ya madiwani ni haki yako kisheria, na kura ni siri, hivyo hakuna afisa anayeweza kujua ulichoandika. Kosa ni kudai haki usiyo nayo, kwa mfano kujiandika raia wa Ireland ili upate kura ya bunge. Jaza uraia wako wa kweli na utulie.

*Utakuwa safarini Mombasa au Dar es Salaam.* Likizo haikupi kura ya posta. Kura hiyo ni ya makundi machache, wakiwemo wenye ugonjwa au ulemavu na wale ambao kazi au masomo yanawazuia kufika, na huombwa mapema. Kama tiketi haijakatwa, angalia kwanza tarehe ya uchaguzi.

*Diwani wako amejiuzulu au amechaguliwa mbunge.* Sheria hairuhusu mtu kuwa mbunge na diwani kwa wakati mmoja. Baada ya uchaguzi wa bunge wa Novemba 2024, viti kadhaa vya madiwani viliachwa wazi kwa sababu hiyo. Usisubiri uchaguzi mdogo, kwa kuwa haupo. Madiwani waliobaki humteua wa kujaza nafasi, na kama aliyeondoka alikuwa wa chama, chama chake ndicho hupendekeza jina. Angalia tovuti ya halmashauri upate jina la mrithi wake, umpelekee faili lako upya, na usidhani amekabidhiwa na mtangulizi wake.

*Unaishi Scotland au Ireland ya Kaskazini.* Huko pia madiwani huchaguliwa kwa namba katika maeneo yenye viti vingi, na Hatua ya 5 itakufaa karibu neno kwa neno. Masharti ya nani anaruhusiwa kupiga kura, umri, na namna ya kugawa kura za ziada ni tofauti, kwa hiyo usitumie Hatua ya 1 wala ya 6 bila kuuliza ofisi ya uchaguzi ya huko.